Ua Lililoinamia Kulia

Saa tatu asubuhi Bi Darizi aliliona ua lake dirishani kwa mtu mwingine. Lilikuwa kifuani mwa gauni jeupe, katika duka jipya ng'ambo ya barabara. Alikuwa amelichora mwenyewe kwa maonyesho ya wiki ijayo, na hakuwa amemwonyesha mteja yeyote. Bila ua hilo hakuwa na cha kupeleka.

Mpelelezi alifika saa nne. Chumba cha kazi kilikuwa na mashine tatu za kutarizi, kila moja na kompyuta yake.

"Ua lilikuwa kwenye kompyuta ipi?"

"Zote tatu," alisema Bi Darizi. "Lakini jana mdogo wangu aliunganisha mafaili yaliyojirudia. Sasa limebaki kwenye kompyuta ya kwanza tu."

"Kompyuta zilijaa, afande," alisema mdogo wake, akikunja kitambaa. "Faili moja mara tatu, ya nini? Programu inatafuta yanayofanana, inabakiza moja."

"Mnamshuku nani?"

"Mrefu!" Bi Darizi alidakia. "Alikuwa mashine ya pili, kahamia duka hilo hilo jipya. Mtu nimemfundisha mimi kushika sindano!"

Mrefu alikutwa kwenye lile duka jipya, uzi mdomoni.

"Nimeondoka na mkasi wangu tu, afande, nao Bi Darizi aliukagua mlangoni kama mimi kibaka. Hili ua nimelikuta hapa. Tena limelala upande."

"Limelala?"

"Linainamia kulia. Tajiri wa duka kasema liache, ni mtindo."

Mpelelezi aliazima gauni, akarudi nalo. Akamwomba Bi Darizi atarizi ua kutoka kompyuta ya kwanza. Likatoka wima kabisa.

"Kwa nini mtu alilaze?"

Bi Darizi aliyaweka maua mawili pamoja. Kisha akasema polepole, "Mashine ya tatu huvuta kushoto. Kila mchoro wa kompyuta yake tunaulaza kulia kidogo, ili ukishonwa utoke wima. Ukiupeleka kwenye mashine nzima, lazima uiname."

"Nani hukaa hapo?"

Mdogo wake aliacha kukunja kitambaa.

"Programu huunganisha yanayofanana," Mpelelezi alimwambia. "Faili lako halikufanana na mengine. Lingebaki. Wewe ulilifuta kwa mkono, ili tusijue ua limetoka wapi."

"Dada..."

"Usiniite."

"Huko wamenipa ubia! Hapa mimi nani? Miaka yote ni mdogo wangu lete uzi, mdogo wangu funga duka. Na natarizi kukushinda, unajua."

"Najua. Ndiyo maana nilikupa mashine mbovu. Wengine wasingeiweza."

"Mimi sikumtaja Mrefu. Ulimtaja mwenyewe."

"Asubuhi hii wewe ndiye uliyenipigia simu polisi," alisema Bi Darizi. "Ukanishikia simu sikioni, maana nilikuwa nalia. Ukanisikiliza namtaja mtu asiye na kosa, halafu ukanifuta machozi."

Mdogo wake alikiweka kitambaa mezani.

Mpelelezi alitoa kalamu. "Jina lako kamili?"

Mdogo mtu alifumbua mdomo, lakini Bi Darizi akamtangulia.

"Andika, nitakutajia mimi. Mimi ndiye niliyempa jina hilo."