Kompyuta Iliyovalishwa Kanzu

Kwa Hamdani, fundi wa nguo wa mtaa wa Mbugangari, kazi huanza mapema. Baraza ya mbele ya nyumba ndiyo karakana yake. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, na kamba ya kutundikia magauni. Kila Alhamisi, kabla ya kufunga, Hamdani huchukua brashi ndogo na kusafisha cherehani zake. Huondoa nyuzi zilizojikusanya chini ya sindano, kisha hutia mafuta. Mtu mwingine haruhusiwi kuzigusa siku hiyo.

Mkewe, Mukashyaka, hupima wateja. Binti yao mkubwa, Isimbi, ana miaka kumi na sita. Akitoka shule hufanya kazi za darasani, kisha hushona vifungo na kukunja nguo zilizokwisha.

Nguo hizo alikuwa akizipanga juu ya sanduku la karatasi ngumu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kompyuta ya michezo, yenye nguvu kuliko zile za shule. Ilikuwa yake. Mjomba wake Hakizimana, anayekaa Kigali, alikuwa amejinunulia nyingine mpya. Ile yake ya zamani akamtumia Isimbi kwa basi, kwa sababu alikuwa wa tatu darasani. Juu ya sanduku aliandika kwa herufi kubwa: YA ISIMBI.

Sanduku lilifika mwezi wa pili. Sasa ulikuwa mwezi wa nne, na lilikuwa bado limefungwa.

"Mama, kila siku nakunja suruali za watu juu ya kitu changu," Isimbi alisema. "Kimekuwa kabati!"

"Baba yako amesema hapana, sha. Mi nifanye nini?"

"Igor ni mdogo wangu, ana miaka kumi na minne tu. Kila Jumamosi anaenda kucheza kwenye ukumbi wa michezo, kule nyuma ya soko. Hakuna anayemwuliza."

"Igor ni mwanaume," alijibu mama, lakini hakumtazama binti yake machoni.

Jumamosi moja Isimbi aliaga kwamba anakwenda mtaa wa Nengo kusoma na rafiki yake Ineza. Saa tisa, mteja mmoja aitwaye Cansilde alifika kujaribu gauni lake la arusi ya dada yake. Alijigeuza mbele ya kioo, akavuta mkono wa gauni, halafu akasema:

"Papa Isimbi, mi sisemi mambo ya watu. Lakini binti yako nimemwona anatoka kwenye ule ukumbi wa michezo. Bon. Nimesema tu."

Hamdani alisimamisha cherehani. Isimbi alipoingia, baba hakungoja hata salamu.

"Ulikuwa fasi gani?"

Isimbi alitazama chini. "Kwenye ukumbi, Papa."

"Ukasema Nengo! Donc umenidanganya!"

"Nimedanganya. Nisamehe. Nilitaka kucheza saa moja tu." Kisha akainua uso. "Mule ndani watu wazima wanavuta sigara na wanacheza kamari. Leo mwanaume mmoja ameniambia atanilipia saa nzima, nimpe namba yangu ya simu. Nikaacha mchezo, nikatoka."

Mukashyaka alishika kifua. "Mungu wangu! Na Igor anaenda kule kila wiki!"

"Umeona?" alifoka Hamdani. "Muchezo ndiyo hiyo! Ndiyo maana ile sanduku haifunguliwi!"

"Papa, mchezo haukuniomba namba! Mtu ndiye aliyeniomba!"

 Mlangoni alikuwa amesimama jirani yao Ingabire, ambaye alikuja kuchukua sketi yake. Ingabire hufundisha kompyuta katika kituo cha vijana. Alikulia Tanzania, na watoto wa mtaa huo humcheka kwa Kiswahili chake cha vitabuni. Kwa kawaida huzungumza taratibu sana. Siku hiyo sauti yake ilikuwa kali kwa hasira.

"Shikamoo, Papa Isimbi," alisema. "Unisamehe, nimesikia. Nikinyamaza sitalala."

"Marahaba, Mwalimu. Sema."

"Mnaogopa sanduku lililofungwa kwa gundi! Liko hapa, miguuni penu. Na ule ukumbi wenye moshi na wanaume msiowajua hamuuogopi. Mmemfungia mtoto mchezo wa nyumbani, mkamwachia ule wa barabarani. Huko ni kumlinda?"

Hamdani alikunja mita yake ya kupimia, akaikunjua. "Mutoto wa Nzeyimana aliacha masomo sababu ya kompyuta. We unajua."

"Najua vizuri, nilimfundisha. Kompyuta yake ilikuwa chumbani, mlango umefungwa. Alicheza mpaka alfajiri, akaja kulala darasani. Hakuna aliyempangia saa, hakuna aliyemwuliza anacheza nini wala anacheza na nani. Sasa watu wanalaumu mashine peke yake!"

"Lakini muchezo unaharibu akili."

"Na igisoro je?"

Mukashyaka alifunika mdomo. Mtaa mzima unajua: Hamdani na Nzeyimana hucheza igisoro kila jioni mbele ya duka, wakisogeza kete kwenye mashimo ya ubao na kutukanana kwa furaha. Mara mbili muadhini ameadhini, wao wakidai hawakusikia.

"Igisoro ni akili!" alisema Hamdani. "Iko hesabu mule!"

"Na mule ndani ya sanduku pia," alisema Mukashyaka. Mumewe alimgeukia kwa mshangao. "Ndiyo, Papa Isimbi. Hata mi nimechoka. Tumemnyima mutoto kitu chake miezi miwili, bila hata kufungua tuone ni nini. Hiyo si haki."

Hamdani alivuta pumzi. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Alimwogopea binti yake, na hakujua namna nyingine ya kumlinda isipokuwa kukataa.

"Bon," alisema mwishoni. "Fungueni. Lakini itakaa hapa barazani, mbele ya macho yangu. Na ikileta shida hata mara moja, siku ya soko inaenda Mahoko kuuzwa."

Jioni hiyo waliketi wanne. Ingabire alitaka masharti yatungwe pamoja, na Isimbi mwenyewe aseme. "Mtoto aliyetunga sheria huilinda," alieleza. "Aliyetupiwa tu hutafuta tundu la kupita."

Hamdani aliandika kwa chaki ya kushonea kwenye karatasi ya kukatia vielelezo. Masomo kwanza. Saa moja siku za shule, saa mbili Jumamosi na Jumapili. Saa mbili za usiku kompyuta inazimwa, kwa sababu usingizi ndio unaojenga kichwa.

"Na watu wa kwenye mtandao?" aliuliza mama. "Si yule mwanaume anaweza kuingia na huko?"

"Anaweza," alijibu Ingabire. "Ndiyo maana Isimbi hatatumia jina lake la kweli. Hatatoa picha, namba ya simu, wala jina la shule. Atacheza na watu mnaowajua. Mtu akimwambia, 'Usiwaambie wazazi wako,' basi hapo hapo awaambie. Na nyinyi msimpige akisema. Mkimpiga, siku nyingine atanyamaza."

"Nitacheza na Ganza, mtoto wa mjomba," alisema Isimbi. "Tunajenga mji."

"Na mchezo wenyewe, tazameni namba ya umri iliyoandikwa juu yake. Kama ni kumi na nane, si wake. Jambo la mwisho, Papa Isimbi. Saa ikifika, mwite kwanza amalize mzunguko. Usichomoe waya ghafla. Wewe mtu akipindua ubao wa igisoro katikati ya mchezo, utamfanyaje?"

"Nitamupeleka polisi!" alisema Hamdani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Igor naye ajue," aliongeza mama. "Masharti haya ni yake pia. Ule ukumbi umekwisha."

Kompyuta ikawekwa barazani, karibu na meza ya kukatia. Isimbi alipoiwasha, feni zake zilitoa mwanga wa rangi: mwekundu, wa buluu, wa zambarau. Alipiga makofi. Hamdani aliruka.

"Ayiwe! Hii iko na mataa kama ya baa! Wateja wangu watasema nini? Hapa watu wanashonesha kanzu za Idi!"

 Kesho yake alichukua kitambaa kizito cha kahawia, akapima kompyuta juu, chini na ubavuni kama anavyopima mtu. Akaishonea vazi zuri, lenye pamba ndani na lesi chini. Lilifunika kila upande. Hakuna taa hata moja iliyoonekana. Akajivunia sana.

"Iko na heshima sasa," alisema.

Isimbi alisita. "Papa, mjomba alisema isifunikwe…"

"Mjomba wako ni fundi wa nguo?"

Isimbi akarudi kwenye vifungo vyake. Hakutaka kupoteza alichopata.

Siku ya nne, Cansilde alikuwa amekuja tena kwa ajili ya gauni. Isimbi alikuwa amemaliza hesabu zake na ameketi kucheza. Ghafla kioo cha kompyuta kikawa cheusi. Harufu ya kitambaa kilichopata moto ikatoka. Hamdani aligusa ile kanzu ya kahawia, akaondoa mkono haraka.

"Iko moto kama pasi! Umecheza saa ngapi, we?"

"Dakika ishirini, Papa!"

"Uongo! Ulinidanganya kuhusu Nengo, na leo unadanganya tena! Ungetuunguzia nyumba! Mutoto mwenye tamaa! Siku ya soko inaenda Mahoko, nimemaliza!"

Cansilde alitikisa kichwa kwa huruma, ile huruma ya mtu atakayesimulia mtaani. Isimbi alisimama. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya aibu.

"Nilidanganya mara moja, nikaomba msamaha," alisema. "Leo nimesema kweli, na nimeitwa mwongo mbele ya watu."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Alikwenda moja kwa moja kwa Ingabire.

Ingabire alikuja na bisibisi na brashi. Hakusalimia kwa maneno mengi. Alitazama ile kanzu, akaishika kwa vidole viwili.

"Nani ameivalisha?"

"Mimi," alisema Hamdani.

"Imeshonwa vizuri sana. Na ndiyo iliyoizima."

Alifungua ubavu wa kompyuta. Ndani, feni zilikuwa zimevikwa manyoya ya nyuzi nyekundu, nyeupe na kijani. Zilikuwa nyuzi za magauni yote ya wiki ile.

"Kompyuta hii inapofanya kazi inatoa joto jingi. Feni huvuta hewa ya baridi na kutoa ile ya moto. Wewe umeifunika mdomo na pua. Na hapa barazani inavuta nyuzi mchana kutwa. Ilipozidi moto ilijizima yenyewe, ili isiharibike. Dakika ishirini zilitosha kabisa." Akamgeukia Hamdani. "Papa Isimbi, cherehani zako unazisafisha lini?"

"Kila Alhamisi."

"Kwa nini?"

"Nyuzi zikijaa chini ya sindano, mashine inakaza. Inapata moto, inakata uzi. Hata mutoto mudogo…"

Hamdani hakumaliza. Aliinama, akatazama zile feni kwa muda mrefu. Miaka ishirini na tano alikuwa amepigana na nyuzi hizo. Alizijua kuliko mtu yeyote Mbugangari.

"Na yale mataa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yanazimwa," alisema Isimbi. "Ni kubonyeza mara moja. Hukuniuliza, Papa."

Hamdani alimpokea Ingabire ile brashi. Akaanza kusafisha feni mwenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mkono mwepesi.  Hakizimana alikuwa ameandika YA ISIMBI, na sasa baba alikuwa akiifuta vumbi kompyuta hiyo kana kwamba ni cherehani yake.

Waliihamishia sebuleni, mahali ambapo kila mtu anapita na hakuna nyuzi. Waliacha nafasi ya viganja viwili nyuma yake ili ipumue. Iliwaka mara moja, bila taa za rangi.

Kesho yake Cansilde alikuja kuchukua gauni. Alikuta wateja wengine wawili barazani. "Papa Isimbi," aliuliza kwa sauti ya kusikika, "ile kompyuta ya mutoto imeungua kabisa?"

Isimbi alikuwa akishona vifungo. Mkono wake ukasimama.

Hamdani aliondoa mguu kwenye cherehani. "Haikuungua," alisema. "Na kosa lilikuwa langu. Mi ndiye niliyeifunika mpaka ikakosa hewa. Isimbi alisema kweli, mi nikamwita mwongo mbele yako. Donc leo ninasema mbele yako: mutoto wangu hakukosa. Mukisimulia, simulieni na hii."

 Cansilde alilipia gauni lake akaenda. Isimbi aliinamisha kichwa na kuendelea kushona, na kifungo kile kilishonwa kwa uzi mara mbili zaidi ya unaohitajika.

Siku ya soko ilifika, ikapita. Hakuna kilichokwenda Mahoko.

Sasa ni mwezi wa tisa. Isimbi hajakanyaga tena ule ukumbi, wala Igor. Mwezi uliopita mtu asiyejulikana alimwandikia Isimbi kwenye mchezo, akimwuliza anakaa wapi. Isimbi alimwita mama yake hapo hapo, wakamfungia yule mtu asiweze kumwandikia tena, wakiwa pamoja. Shuleni bado ni wa tatu. Analalamika kwamba angekuwa wa pili kama si Ineza.

Kila Alhamisi Hamdani husafisha mashine tatu. Na kila jioni, saa mbili ikifika, huja sebuleni na ile kanzu ya kahawia mkononi. Humsubiri binti yake amalize mzunguko wake. Kompyuta ikizimwa, huweka kiganja juu yake, kama anayepima homa ya mtoto.

"Bado iko moto kidogo," husema. "Tungoje."

Nao huketi wawili, wakingoja ipoe, ndipo waivalishe.