Picha ya Tisa

Ijumaa ile Mwelwa hakuja shuleni, na picha ya tisa haikuonekana.

Asubuhi ilianza kama asubuhi zote pale shule ya Hewa Bora, mjini Lubumbashi: kufagia darasa, kupanga mistari, kisha Mwalimu Faustin kuita majina ya darasa la sita. Alipofika kwa Mwelwa, hakuna aliyeitika. Akaweka alama, akafungua kabati, akatoa bahasha ya picha.

Darasa liliipenda bahasha hiyo. Mwalimu alikuwa amepata kitabu kimoja tu cha picha, kisicho na neno hata moja, na wanafunzi walikuwa hamsini na wanne. Basi alikata uzi uliokishona, akatenganisha karatasi zake kumi na mbili, pana na ngumu, akagawa moja kwa kila kikundi. Kila kikundi kilisimulia picha yake, kisha wote wakapanga mambo yalivyofuatana. Maswali ya Mwalimu yalikuwa mawili tu, siku zote: "Unaona nini?" Halafu, "Unadhani nini?"

Exaucée alipenda swali la pili. Hakuna aliyemshinda kwa kusimulia. Picha ya kikundi chake ndiyo hiyo ya tisa: mwanamke mwenye kilemba cha njano, aliyepotelewa na mbuzi, akibisha mlango wa jirani.

"Kumi na moja," alisema Mwalimu. Akahesabu tena. "Exaucée, ya kwenu iko wapi?"

Exaucée alisimama. Alikumbuka kengele ya jana, mvua iliyokuwa ikikaribia, watu wakikimbilia mlangoni, na Mwelwa akipita kati ya madawati kukusanya picha, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Nilimpa Mwelwa," alijibu.

"Na leo Mwelwa haiko!" Djo alipaza sauti kutoka nyuma. "Njo yeye aliiba!"

Wengine walicheka. Mwalimu aliwanyamazisha, kisha akamgeukia Exaucée. Mwelwa aliishi mbali, upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, na katika darasa lote nyumba ya Exaucée ndiyo iliyokuwa karibu na kwao. "Ukirudi nyumbani, pita kwa mwenzako. Uone kama anaumwa."

Exaucée alipita, lakini hakufika mlangoni. Alisimama kwenye kona, nyuma ya ukuta wa matofali, akachungulia kama mpelelezi. Kisha akaondoka mbio.

Jumatatu, kabla Mwalimu hajaingia, watoto walikuwa wamemzunguka.

"Kwa Mwelwa beko banahama," alisema kwa sauti ya chini. "Kitanda iko inje. Meza iko inje. Banaume wawili banabeba kabati."

"Banaenda wapi?" aliuliza Chancelvie.

"Labda Mokambo. Mama yake mdogo anafanya biashara kule."

Hiyo "labda" haikufika hata saa ya mapumziko. Wakati wa kunywa maji, midomoni mwao Mwelwa alikuwa tayari amekwenda Mokambo, mpakani, kuuza picha kwa Wazambia. Djo akakumbuka kalamu yake iliyopotea mwezi wa pili. Nkandu akakumbuka rula. Exaucée mwenyewe akakumbuka kwamba Alhamisi ile Mwelwa hakumtazama usoni. Kadiri walivyokumbuka, ndivyo kila kitu kilivyomwangukia Mwelwa.

"Wamehama, Mwalimu," alisema Exaucée alipoulizwa.

Mwalimu alimtazama kidogo, akaguna, akaendelea na somo la hesabu.

Alhamisi mvua ilimnyeshea Exaucée njiani. Nyumbani alianika madaftari yake karibu na jiko. Kila mwaka mama yake aliyafunika yote kwa karatasi za kalenda za zamani, yasichakae. Kifuniko cha daftari la hesabu kilikuwa kimelowa na kuachana pembeni. Exaucée alikifungua akikunje upya. Ndani yake aliona rangi ya njano. Kilemba. Mkono ulioinuliwa. Mlango.

"Mama! Karatasi hii uliipata wapi?"

"Mu mufuko yako, ile siku ya mvua kubwa," mama alijibu huku akisonga bukari. "Karatasi ya nguvu, na haina hata neno moja. Nikasema ni ya kutupa tu, nikafunika nayo daftari yenye ililowa. Kitabu gani iko bila maneno?"

Exaucée aliketi chini. Juma zima alikuwa akiibeba picha hiyo kwapani kwenda nayo darasani, na nyuma ya karatasi mama alikuwa ameandika "Exaucée" kwa wino wa bluu.

Angeweza kuitupa motoni. Angeweza kuisukuma chini ya kabati la Mwalimu, na watu wangesema ilianguka tu. Mwelwa si amehama? Nani angeumia? Lakini swali hilo lilimrudisha kwenye ile kona, na safari hii hakuwa na hakika tena na alichokiona.

Kesho yake alimkuta Mwalimu peke yake darasani. Mwalimu aliigeuza ile karatasi, akasoma jina.

"Ulisema ulimpa Mwelwa."

"Nilidhani nilimpa."

"Na kuhama?" Mwalimu akavuta kiti. "Nisimulie kama picha. Uliona nini?"

Alifumba macho. "Kitanda nje. Meza. Viti vingi vya plastiki. Moto wa magogo uani."

"Na nini tena?"

"Mwanamke ameketi chini, kwenye mkeka. Amefunga kitenge kiunoni, amejishika kichwa."

"Huyo hukutuambia habari zake."

"Hakuingia katika hadithi yangu, Mwalimu."

Mwalimu alivua miwani. "Watu wakitoa vitu nje ili nyumba ipate nafasi, viti vikaletwa, moto ukawashwa uani, ni nini hiyo?"

Exaucée alijua. Hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyejua.

"Ni kilio," alisema.

Aliyefariki ni bibi yake Mwelwa, waliyemwita Kambo, aliyemlea tangu akiwa mchanga. Darasa zima lilikwenda mchana huo huo, lakini viti vilikuwa vimesharudishwa na uani palibaki jivu tu. Mwelwa alikuwa kizingitini akichambua maharagwe. Exaucée alisema yote mbele ya wote. Djo alitazama viatu vyake.

"Baba ya Chisanga alipokufa, darasa yote ilienda," Mwelwa alisema. "Mimi nilikuwa nangalia barabara kila siku. Nilimwambia mama mudogo, leo batafika." Akarudi kwenye maharagwe yake.

Mwalimu Faustin akasema polepole:

"Picha ya kitabu haiumii tukiidhania vibaya. Mtu anaumia. Kabla ya kusimulia habari za mtu, sema yote uliyoona, hata yale yanayoharibu hadithi yako. Na pale usipojua, usijaze mwenyewe. Nenda ubishe mlango."

Exaucée aliketi kizingitini, akavuta sinia, wakachambua maharagwe pamoja.

Mwelwa alirudi shuleni Jumatatu. Ndiye anayekusanya picha hadi sasa, na Exaucée huzihesabu pamoja naye. Ni kumi na mbili. Ya tisa ina mikunjo ya daftari, na nyuma yake jina la Exaucée bado linasomeka.