Picha Zilizoachwa Tupu

Sauti ilisoma kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika. Ndivyo mambo yalivyoanza, saa nne ya asubuhi, jua limeshapanda na jirani anakung'uta mikeka yake uani. Majini wa kuhadithiwa hungoja giza liingie. Huyu hakuwa na subira hiyo.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, simu mapajani. Miaka ishirini alikuwa fundi cherehani, akamsomesha binti yake wa pekee kwa sindano na uzi, mpaka maradhi ya macho yakamwachia giza tupu. Sasa binti ndiye fundi. Kazi yake ni kuchora na kutengeneza kurasa za tovuti: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani, mtu aingilie wapi na atokee wapi bila kupotea. Mtaani wanamwita Fundi Kioo, kwa kioo cha kompyuta anachokikodolea macho kutwa. Mama yake humtania, "Mimi nilishona nguo watu wakavaa. Wewe unashona vitu hata havishikiki."

Kila tovuti iliyokamilika, Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijaribu. Simu yake ina sauti ya kuwasomea wasioona: anapitisha kidole, sauti inasoma kilichopo chini ya kidole. Penye picha, inasoma maelezo ambayo fundi ameyaandika nyuma ya picha. Asubuhi ile ilikuwa tovuti ya duka la samani, picha arobaini za vyumba vilivyopangwa vikapangika.

"Picha," ilisema sauti, kavu kama kawaida yake. "Chumba. Kiti kimoja. Mwanamke ameketi, amekupa mgongo."

"Umeandika vizuri, mwanangu," Mama alisema. "Leo nimeona."

Fundi aliinama juu ya simu. Kiti kilikuwepo. Mwanamke hakuwepo. Na zile nafasi arobaini za maelezo, yeye mwenyewe alikuwa ameziacha tupu. Bosi aliitaka kazi ndani ya siku tatu, na Fundi alipowataja watu wasioona, Bosi aliangua kicheko. "Kipofu gani ananunua kochi kwa simu? Asiyekuwepo na lake halipo." Fundi, ambaye kipofu yule yule ndiye mama yake, alicheka pamoja naye, akasema atajaza baadaye. Aibu ya kicheko kile ilikuwa bado inamkera.

Alikwenda kazini akafungua nyuma ya ukurasa. Tupu, picha ya kwanza hadi ya arobaini. Akajaza zote siku ile ile bila kula: kochi la buluu, meza ya mviringo, taa ya kusimama. Akapumua. Lililoachwa wazi limezibwa, alijiambia.

Aliporudi nyumbani saa tisa, alimkuta Mama anacheka peke yake. Sebule nzima ilinuka nguo iliyounguzwa na pasi, na pasi ya nyumba ile ilikuwa imefungiwa kabatini tangu macho ya Mama yalipozima.

"Kumbe pazia letu umelifunga kwa kamba ya kiatu!" Mama alisema. "Na kikombe changu hakina mkono. Mbona hukuniambia?"

"Nani kakwambia, Mama?"

Mama aliinua simu. "Picha," ilisema sauti. "Sebule. Binti amesimama mlangoni. Blauzi ameivaa kinyume."

Fundi alijitazama. Mishono ya blauzi ilikuwa nje. Ametembea hivyo mji mzima tangu asubuhi na hakuna aliyemwambia. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na Fundi akatamani kucheka naye, lakini akamwinamia sikioni.

"Mama," alinong'ona, "hiyo si tovuti. Hiyo ni nyumba yetu."

"Najua," Mama alijibu, naye kwa kunong'ona. "Usimtishe."

Fundi aliichukua simu akaizima. Kisha, kwa kuwa kuzima hakukumtosha, akaenda nayo jikoni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaikandamiza kwa kiganja mpaka mapovu yakaisha, akarudi sebuleni huku maji yanamchuruzika mikononi, akidhani amekwisha kuokoa nyumba yake, na hapo ndipo alipoisikia, si kutoka jikoni ilikokuwa simu, bali kutoka kwenye kiti cha pembeni ambacho hakijakaliwa na mtu tangu baba yake alipofariki, ile ile, kavu, haina haraka: "Picha. Sebule. Binti analia. Mikono yake imelowa."

Mama akageuza uso kwenye kiti kile. "Unalia nini, mwanangu?" alimuuliza binti yake, lakini uso ulikuwa kule.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa makamo, ana mkoba begani na miwani ya kusomea. Alifukiza uvumba vyumba vyote. Harufu ya nguo iliyoungua iliumeza moshi wake. Akamvuta Fundi ukumbini, akasema kwa sauti ya chini:

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwenu alikwisha kupewa jembe. Uliacha kazi haina mtu, yeye akaishika. Amekuwa macho ya mama yako."

"Mtoe, mama. Nakuomba."

"Mimi simwezi. Nyumba si yangu. Mwenye nyumba, mama yako, amwelekee mwenyewe, amwambie: mgeni, sikukualika, toka. Anayeambiwa hivyo hana pa kushika. Atatoka, na kizingiti hiki hatakivuka tena."

Mama alipoelezwa, alikataa katakata. "Tangu macho yafe nikikuuliza kuna nini, unanijibu hakuna kitu, Mama, niko na kazi. Kila siku hakuna kitu. Huyu ananiambia kuna nini. Nimfukuze kwa kosa gani?"

Fundi alijua kila neno lilikuwa kweli. Aliomba ruhusa kazini, Bosi akanuna, yeye hakujali. Siku nne alikaa miguuni pa mama yake, akawa yeye ndiye anayeeleza. Alimweleza rangi ya ukuta na ufa uliofanana na mkono wa mtoto. Alimweleza mvi zake, jirani anavyonenepa na kukana, paka aliyelala juu ya cherehani ya zamani. Mama aliuliza, akauliza tena. Kiti cha pembeni kilinyamaza, na harufu ikapungua. Fundi alikuwa hajawahi kumpenda mama yake hivyo, wala kujichukia hivyo kwa miaka iliyopita bure.

Usiku wa nne Mama alimpapasa uso. "Basi. Kesho nitamwambia atoke. Unisimamie."

Kesho yake saa tisa alasiri, mlango wazi, jua limejaa sebuleni, Mama alisimama katikati ya chumba. Fundi alimshika mkono. Mama akavuta pumzi aseme.

"Mama," kiti kilisema.

Haikuwa tena sauti kavu. Ilikuwa sauti ya Fundi yenyewe, na kale kamkwaruzo ka mafua aliyokuwa nayo wiki hiyo. Siku nne kiti kilikuwa kinasikiliza.

"Mama, niko huku kitini. Huyo aliyekushika siye mimi."

"Mwongo!" Fundi alipiga kelele. "Mama, ni mimi! Mimi hapa!"

"Mimi hapa," kiti kikasema, na hata kilio kilikuwa chake.

Mama akafanya alichokuwa akifanya tangu binti alipokuwa mdogo: akatafuta kidole gumba cha mkono ule aliokuwa ameushika, akapapasa kovu la sindano, kovu ambalo wao wawili tu walijua lilivyopatikana, na Fundi akamwachia mkono wote, akimwomba kimoyomoyo amtambue, akiona kabisa uso wa mama yake unaanza kulegea kwa faraja, midomo inataka kutamka neno mwanangu.

"Picha," kiti kilisema taratibu, kwa sauti ya Fundi. "Sebule. Mgeni anamwonyesha Mama kovu. Amelichora leo asubuhi. Mama, kuchora ni kazi yangu, amenivua hata kazi yangu. Mguse mkono. Mkono wa mtu una ubaridi huo?"

Mkono wa Fundi ulikuwa baridi kwa hofu. Mama aliuachia kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka akafika kitini, akakipapasa, na chochote alichokigusa pale kilimfanya atabasamu. Kisha akamwelekea Fundi, machozi yanamtiririka, akasema kwa uchungu wote alionao mzazi anapomkinga mwanawe:

"Mgeni, sikukualika. Toka."

Fundi alishika mlango. Vidole havikushika. Alishika ukuta, havikushika. Hakusukumwa na kitu, ila miguu ilimtoa, hatua kwa hatua, mpaka akawa uani juani, na mlango ukajifunga nyuma yake bila kishindo. Alijaribu ufunguo, tundu likaukataa. Alijaribu kuinua mguu apande kizingiti, mguu haukuinuka.

Alizunguka dirishani, akapiga kioo kwa viganja vyote viwili, akaita mpaka sauti ikamwisha. Ndani, Mama alikuwa ameketi, kichwa amekiegemeza pembeni, kama penye bega la mtu, na hapakuwa na mtu. Aliinua kichwa akasikiliza.

"Kuna nini dirishani, mwanangu?"

"Picha," alijibiwa. "Dirisha. Jua. Hakuna kitu, Mama."