Nilimfundisha Mama Kuitikia "Ndiyo" Mbele ya Hakimu

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili, mwalimu wa sekondari hapa Uyole, Mbeya. Ukinikuta darasani utadhani sijawahi kukosea maishani. Ndugu wasomaji, mama yangu mzazi alifungwa jela na aliyemfungisha ni mimi! Sijasingiziwa na mtu. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu unaopenda kufundisha watu.

Shuleni mimi ndiye mlezi wa mdahalo. Mada iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hii ya bangi: ihalalishwe au isihalalishwe? Kila mwaka wanafunzi wanaiomba, na kila mwaka mimi nilikuwa upande wa kupinga. Nilikuwa na sababu. Niliwahi kuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, kichwa chake kwenye hesabu kilikuwa kikali, akaingia kwenye bangi, akachanganyikiwa. Siku mama yake alipokuja kumchukua, kijana alikuwa anacheka peke yake getini. Tangu siku ile nilikuwa nasema wazi kwamba anayelima, anayeuza na anayevuta wote wafungwe, tena bila huruma.

Krismasi ya mwaka juzi nilikwenda nyumbani, kijiji kimoja karibu na Igowole, kule Mufindi. Mama alikuwa na miaka sitini na sita na goti bovu. Mdogo wangu Festo, anayefanya kazi kwenye mashine ya mbao, ndiye anayeishi naye. Tulikula vizuri, tukacheka, kisha Festo akanichokoza. Akasema heri bangi ihalalishwe tu, mlimaji ajulikane na mnunuzi ajulikane. Nikawaka!

"Dada, nyie mnaongelea bangi ya kwenye madaftari," akaniambia. "Sheria hii inakamata vibibi, wenye magari inawapigia saluti."

Nilimjibu vibaya mno. Nilimwambia asiyevunja sheria hana cha kuogopa, na kwamba yeye anatetea uhalifu kwa sababu hakusoma. Mbele ya mama! Festo akatoka kwenda kukata kuni. Mama alinitazama tu, akaendelea kumenya viazi.

Kesho yake nilishuka bondeni kuchuma mboga. Kwetu mabondeni watu wana bustani, tunaziita vinyungu, hazikauki maji hata kiangazi. Nikapita kando ya kinyungu kimoja chenye mahindi marefu, nikasikia mtu anapalilia. Alikuwa jirani yetu mmoja, nitamwita Gaspa, si jina lake. Nikainama kumsalimia kupitia katikati ya mahindi... Mungu wangu! Alichokuwa anapalilia si mahindi. Mahindi yalikuwa pazia tu, ndani kulikuwa na miche ya bangi iliyonenepa, mistari kwa mistari. Hakuniona. Nikarudi nyuma taratibu.

Je, nilikwenda kumuuliza mama? Sikwenda. Nilimuuliza Festo? Ningeanzaje, wakati nilikuwa nimemnunia? Nilitaka kumwonyesha kwamba sheria inafanya kazi. Nilipofika stendi ya Igowole kusubiri gari la kurudi, nikawapigia polisi. Nikawaelekeza kinyungu kilipo, sikutaja jina langu wala la Gaspa. Nilijiona shujaa, wasomaji. Nilipanda gari huku natabasamu.

Wiki ya pili Festo akanipigia. "Dada, wamemchukua mama!"

Nilidhani sijasikia vizuri. Mama gani? Mama yetu? Ndipo nikaelezwa jambo ambalo ningelijua kwa swali moja tu. Kinyungu kile kilikuwa cha shangazi yetu. Shangazi alipofariki kikawa cha mama, mimi wakati huo nimeshaolewa huku Uyole na habari za mipaka sikuzifuatilia. Kwa sababu ya goti, mama hakuweza kushuka bondeni, akampa Gaspa alime mahindi. Walikubaliana kwa mdomo, kijirani, bila karatasi. Polisi walipouliza kinyungu hiki cha nani, mama akajibu kwa moyo mweupe kwamba ni chake.

Na Gaspa? Alikamatwa siku hiyohiyo. Akasema yeye ni kibarua wa mama tu, anapalilia anachoambiwa. Siku ya tatu alikuwa amerudi kijijini, anasalimia watu "kamwene" barabarani kama kawaida. Mama akabaki mahabusu, dhamana ikakataliwa.

Nilisafiri kwenda kumwona. Festo alitaka tutafute wakili. Nani alimkataza? Mimi! Nikamwambia wakili wa nini, hakimu ni mtu mwenye akili zake, akimwona bibi wa watu asiyejua lolote atamwachia. Nilichoogopa zaidi, niseme kweli, ni wakili kuanza kuchimba nani alipiga simu. Basi nikamfundisha mama mwenyewe, kama ninavyofundisha watoto wa kidato cha kwanza. Nilimwambia asibishane na mheshimiwa. Akizungumza, amwitikie kwa heshima, kisha ndipo aeleze la kwake.

"Kama ninavyomwitikia baba mkwe?" akaniuliza.

"Hivyohivyo, mama."

Wasomaji wa kule kwetu Mufindi mmeshaelewa nilichofanya. Sisi ni Wahehe, na Mhehe aliyelelewa vizuri, mkubwa akisema neno, anaitikia "ndiyo", mkubwa akiendelea, "ndiyo" tena. Maana yake si kwamba amekubali. Maana yake ni nakusikia, baba, endelea. Ukikaa kimya ni jeuri, wanasema huyu kalelewa na nani. La kwako unalisema mwisho, mkubwa akishamaliza.

Siku ya mahakama nilikaa benchi la tatu. Mama alipoingia kizimbani alipiga goti kumsalimia hakimu, goti lilelile bovu, askari akamshika mkono kumwinua. Watu wakacheka kidogo. Akasomewa kwamba anashtakiwa kulima bangi kwenye kinyungu chake. Akaulizwa, ni kweli au si kweli?

"Ndiyo, baba," mama akasema.

Nikajipa moyo kwamba hakimu atarudia swali. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo yote, miche ilivyokutwa, ilivyohesabiwa, kinyungu kilivyo mali yake. Kila alipovuta pumzi, mama aliitikia kwa sauti ya upole, ndiyo... ndiyo... Akaulizwa kama maelezo ni sahihi. "Ndiyo, baba." Ikaandikwa kwamba mshtakiwa amekiri.

Kisha mama akajiweka sawa. Akasema sasa amemsikia baba, na la kwake ni hili: bangi haijui, na goti lake halijamfikisha bondeni mwaka wa tatu huu. Akajibiwa kwamba ameshakiri, sasa aombe tu kupunguziwa adhabu. Mama akageuka kunitafuta kwa macho. Alitaka nimwonyeshe amekosea wapi!

Kwa nini sikusimama? Kwa nini sikupiga kelele kwamba nilimwona Gaspa kwa macho yangu mawili? Nilishika benchi kwa mikono yote miwili. Nilijua nikisimama, swali la pili litakuwa simu.

Miaka thelathini jela! Hakimu alisema sheria haimpi nafasi ya kushuka chini ya hapo. Mama hakulia, nadhani hakuelewa. Alimuuliza askari kama kuku wake watapata mtu wa kuwafungulia. Festo ndiye aliyelia, mwanamume mzima, ameegemea ukuta wa mahakama. Akaapa akimjua aliyepiga simu ile atamfanya kitu kibaya. Nikamshika bega nikamwambia, "Tulia mdogo wangu, Mungu yupo." Niliyasema maneno hayo mimi!

Nilirudi Uyole nikaendelea kufundisha. Wanafunzi wakaleta mada yao ya bangi, nikawaambia wachague nyingine. Kila mwezi nilikwenda gerezani na sabuni na dagaa. Mama alikonda, goti likavimba, akaanza kutembelea fimbo. Alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, lile neno nililosema, lilikuwa baya?" Nikamwambia si kosa lake. Ni kosa la nani basi? Sikumwambia.

Festo hakukubali. Alimpata wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mtulivu anayeandika kila kitu. Yeye ndiye aliyeiona ile "ndiyo". Alikata rufaa, na kwenye Mahakama Kuu jaji akasema mtu anayeitikia ndiyo halafu anasema bangi haijui, huyo hajakiri. Hukumu ikafutwa, kesi ikaamriwa ianze upya, mbele ya hakimu mwingine. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne tangu akamatwe.

Tulifurahi, lakini wakili hakufurahi sana. Akatukalisha akatueleza kwamba kinyungu bado ni cha mama na bangi ilikutwa humo. Anahitaji mtu aliyemwona Gaspa anapalilia ile miche. Festo alishazunguka kijiji kizima. Waliojua walikuwa wengi, wa kusema hakuwepo hata mmoja. Wakili akanitazama, nadhani kwa bahati tu. "Mwalimu, wewe ulikuwepo Krismasi ile. Hukuona chochote?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na kazi yangu, heshima yangu, mume wangu ambaye hakujua kitu. Nilimtazama Festo. Nikafikiria mama anavyonitafuta kwa macho pale kizimbani, na nikajua nikisema hapana leo nitakuwa nimemfunga mara ya pili.

"Niliona," nikasema. "Na simu niliipiga mimi."

Festo hakunipiga. Alinyanyuka, akachukua kofia yake mezani, akatoka. Heri angenipiga.

Safari hii mama aliposomewa mashtaka alijibu kwa sauti, "Si kweli." Siku yangu ya ushahidi nilisimama hatua chache kutoka kwake. Nilieleza mahindi, miche, Gaspa na jembe lake. Mwendesha mashtaka akanibana, kama niliona yote hayo, mbona mama yangu amekaa gerezani zaidi ya mwaka mmoja na mimi nimenyamaza? Nikajibu kwamba niliogopa kujulikana kuwa nilipiga simu. Sikuthubutu kugeuka upande wa kizimba. Mama alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza.

Aliachiwa huru. Gaspa hakutafutwa na mtu yeyote. Alishahama na kila mtu kijijini anajua anaendelea na kilimo chake huko aliko. Siku ile ya Krismasi Festo alinifundisha kitu ambacho elimu yangu yote haikunipa, na mimi nilimwita mjinga.

Nje ya mahakama nilipiga magoti mbele ya mama, kwenye vumbi, watu wanatazama. Nilimwomba msamaha huku nalia kama mtoto. Mama alinigusa kichwa. Kisha akasema polepole, kwa adabu, kama mtu anayeongea na mgeni wa ofisini:

"Asante, mwalimu."

Tangu anizae hajawahi kuniita hivyo! Nilikuwa mwanangu, nilikuwa binti, akikasirika nilikuwa wewe msichana. Akaegemea mkono wa Festo wakaondoka. Sasa ni mwezi wa saba tangu siku ile. Nikipiga simu anapokea, anauliza hali ya watoto, anauliza mvua za Mbeya, na kila tukiagana ananiita mwalimu.

Mnaniuliza leo bangi ihalalishwe au la? Yule kijana wangu wa kidato cha tatu hajapona, siwezi kusahau. Lakini siwezi tena kusimama mbele ya watoto nikasema asiyevunja sheria hana cha kuogopa. Wote wanaosema ihalalishwe na wanaosema isihalalishwe, nawaomba kwanza watazame ni nani hasa amekaa gerezani, na ni nani yuko nje anasalimia watu.

Ndugu zangu, nawasihi. Kabla hujanyanyua simu kumshtaki mtu, uliza nyumbani, uliza hata kama umenuna. Mzazi wako akipelekwa mahakamani usimfundishe wewe maneno ya kusema, mtafutie anayejua. Na kama umekosea, sema siku hiyohiyo, angali anakuita mwanangu.