Mwacheni Djo Alie

Siku ya Jumatano Pierrette haendi sokoni. Siku nyingine anauza chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru, na mdomo wake haupumziki: anaita wateja, anatania, anabishana bei. Lakini Jumatano anavaa kitenge kisafi na kwenda kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki ya makazi ya wakimbizi wa Congo walioko Zambia. Huko anajifunza kazi ya ushauri. Mshauri hukaa na mtu mwenye mzigo moyoni na kumsikiliza. Kwa msemaji kama Pierrette, kusikiliza ni kazi ngumu kuliko kulima muhogo.

Jumatano moja alikuja Débora, amembeba mgongoni mtoto wake Djo wa miezi tisa. Mtoto alikuwa amelala. Débora alikaa kwenye ukingo wa kiti, akatazama chini.

"Mama Pierrette, miye ni mama mubaya," alisema.

"Namna gani, dada yangu?"

"Djo akilia, mukono yangu inaenda yenyewe. Inamufunga kinywa. Jana midomo yake iligeuka nyeusi. Nilimuachilia, akavuta pumzi." Débora aliitazama mikono yake. "Siku ingine atakufa mu mikono yangu."

Pierrette aliuliza: "Hii mambo ilianza wapi?"

"Mu mashua, wakati tulikimbia Congo. Mutoto wangu wa kwanza, Chris, alikuwa mudogo sawa huyu. Alilia, na batu bote..."

Hakumaliza. Machozi yalimshinda.

"Nyamaza, mama, nyamaza," Pierrette alisema haraka. "Usilie. Mungu anajua. Tuombe."

Akaomba. Aliomba kwa sauti, aliomba kwa muda mrefu, na kila Débora alipofungua mdomo, sala iliongezeka. Baadaye alimshauri amnyonyeshe Djo mara tu anapoanza kulia. Débora alifuta uso, akashukuru, "Merci," akatoka.

Kila mwanafunzi wa ushauri ana mtu wa kumweleza kazi yake. Wa Pierrette ni Mirriam, Mzambia wa Nchelenge, muuguzi wa miaka mingi. Kiswahili alikipata utotoni, akinunua samaki na mama yake kwa Wakongo. Pierrette alimweleza yote.

"Mutoto kwanza," Mirriam alisema, akasimama. "Siri ya mutu tunaitunza. Lakini kama mutoto anaweza kufa, hatuitunzi peke yetu. Twende."

Siku ileile walikwenda nyumbani kwa Débora. Walimwambia waziwazi wanachokiogopa. Djo alipimwa kliniki, akaonekana mzima. Débora alikubali jirani yake, Mama Olipa, aambiwe. Mtoto akilia na mkono ukianza kwenda, Débora amwite, naye aje amchukue Djo bila kuuliza swali.

Kesho yake Mirriam alimwita Pierrette.

"Débora alipofika kwenye habari ya mashua, ulimwambia nini?"

"Anyamaze. Halafu niliomba."

"Wakati uliomba, yeye aliweza kusema?"

"Hapana."

"Basi, ba Pierrette," alisema kwa heshima ya Kibemba, "mu kile chumba, nani alifungwa kinywa?"

Pierrette alikasirika. "Kwetu mutu akilia tunamwambia anyamaze! Ni mapendo."

"Hata kwetu Wabemba. Najua ni mapendo. Lakini ulikuwa unaogopa nini?"

Pierrette alipoanza kusema, ile sauti ya sokoni haikuwepo.

"Mu mashua yetu kulikuwa mama na mutoto. Si Débora, mama mwingine. Mutoto alilia. Ni miye nilisema, 'Munyamazishe, ao batatuua bote.' Alimunyamazisha. Tulifika ng'ambo, nikashuka. Sikugeuka kuangalia. Mpaka leo sijue kama ule mutoto alishuka muzima."

Akalia. Mirriam hakusema nyamaza. Alisogeza kiti karibu akangoja, na Pierrette akaogopa huo ukimya kuliko alivyowahi kuogopa kelele. Lakini alilia mpaka akamaliza.

"Umeona?" Mirriam alisema mwishowe. "Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Woga wa zamani haujue kama miaka imepita. Unakaa mu mikono ya Débora. Unakaa mu kinywa chako. Munapokutana, woga wake unaamsha wako. Kama wewe haujue woga wako, utamfunga yeye kinywa ili wewe upone."

"Sasa nifanye nini? Sala ni mubaya?"

"Awe, hapana! Yeye akiomba sala, mutasali. Olipa anasaidia. Kumrudisha hapa na sasa, kutoka mu ile mashua, akisikia miguu yake inakanyaga chini, inasaidia. Mushauri hana njia moja tu. Lakini Débora anahitaji mutu wa kusikia ile habari mpaka mwisho, na asikimbie. Na wewe utakuja kwangu kila juma, tuangalie ya kwako."

Jumatano iliyofuata Pierrette alitamani kwenda sokoni. Kweli kabisa, alitamani. Alifika kwenye chumba hata hivyo. Débora alikuwa amekwisha kufika, na Djo alikuwa macho, anacheza na ncha ya kitenge.

"Juma iliyopita nilikukata maneno," Pierrette alisema. "Ulisema juu ya mashua, na miye nikakuambia nyamaza. Nilikosea. Niliogopa."

Débora alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Na weye unaogopa?"

"Naogopa. Lakini leo nitasikia."

Débora alimkalisha Djo mapajani.

"Tulisikia moteur ya mashua ingine inanguruma nyuma yetu. Chris akaanza kulia. Mwanaume mumoja akasema, 'Tumutupe mu maji.' Bengine bakanyamaza. Hakuna mutu alisema hapana." Sauti yake ilipungua. "Nikamufunga kinywa. Nikafinya. Nikasema mu roho: heri afe mu mukono yangu kuliko mu maji. Mama Pierrette, nilisema vile! Chris alipona, anaenda ku masomo. Lakini ile neno sijaambia mutu, hata bwana yangu."

Kisha akapiga ukelele. Djo alishtuka, akaanza kulia kwa nguvu zote.

Mkono wa Débora ukainuka.

Neno "nyamaza" lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Pierrette. Alilirudisha. Alisogea karibu, tayari kumchukua mtoto.

"Débora, angalia mukono yako. Tuko wapi?"

"Mu mashua."

"Miguu yako inagusa nini?"

Débora alikanyaga chini, mara moja, mara ya pili. "Simenti."

"Nani anatutafuta leo?"

Djo alilia. Mkono ulibaki hewani, vidole vimefunguka.

"Hakuna," Débora alisema. "Hakuna mutu."

Mkono ulishuka mgongoni kwa mtoto. Muuguzi mmoja alifungua mlango kuuliza kuna nini. "Utuachie," Pierrette alimwambia. "Mutoto analia tu." Débora na Pierrette walilia pamoja na mtoto.

Haikuisha siku ile. Débora alirudi Jumatano nyingi. Mara tatu mkono ulianza tena, na mara tatu alimwita Mama Olipa. Siku moja alimweleza mumewe habari ya mashua, naye mume akalia. Pierrette naye alikwenda kwa Mirriam kila juma, na kila juma aliogopa mlangoni.

Jumapili moja, katikati ya mahubiri, Djo alipasua kanisa kwa kilio. Akina mama waligeuka wakisema ssh. Shemasi alikuja mbio akainama sikioni kwa Débora.

"Mama, umunyamazishe mutoto!"

Pierrette alikuwa benchi la nyuma yao. Aliutazama mkono wa Débora. Ulikuwa mgongoni kwa Djo, unapigapiga taratibu.

"Hapana, baba," Débora alisema, na kanisa zima lilisikia. "Atatoka inje na miye, lakini alie tu."

Akasimama, akapita katikati ya mabenchi bila haraka. Djo alivuta pumzi, akalia tena, kwa nguvu zaidi.