Kebo Aliyoogopa Kuigusa Shefu Germain

Kaka yangu Placide alikuwa chini, chali, kiatu kimoja kimeruka mpaka ukutani... na mkono wake unatoa moshi.

Ngojeni, msianze kulia. Hakufa. Juzi tu amemaliza kuku wangu mzima.

Ilikuwa Likasi, miaka ya tisini, viwanda vinazimika kimoja kimoja na watu wanatolewa kazini kila wiki. Placide alikuwa fundi umeme. Mimi Émérence nilikuwa nachora ramani za nyaya. Bosi wetu sote alikuwa Shefu Germain, mwenye masharubu yaliyochongwa kuliko penseli zangu.

"Placide, ulifanya nini?"

"Nilizima swichi namba tatu," alinong'ona. "Ramani inasema kebo hii ni ya namba tatu."

Kweli ilisema hivyo. Lakini wezi walishang'oa nyaya za chumba kile cha pampu zamani, na Germain aliunga upya kwa vipande alivyookota huku na kule. Kebo ikahamia namba sita. Ramani hakuigusa.

Kabla ya ajali hiyo, wageni wa ukaguzi walipokaribia kuja, Germain aliniita.

"Weye, nakili ramani ya zamani. Utie rangi nzuri."

"Shefu, si niingie kwanza nione nyaya zenyewe?"

"Wageni wanaangalia ukutani, mama, hawafungui masanduku ya umeme."

Basi tukapata ramani safi kama nguo ya Pasaka, na uongo mtupu ndani.

Mnajua alimwambia nini mkurugenzi siku Placide alipoungua?

"Huyu hajui kusoma ramani. Afukuzwe."

Akasema hivyo akifuta masharubu. Placide akifukuzwa, nyumba ya kampuni inaondoka, mke na watoto wako barabarani, na mkono umefungwa kitambaa.

Nikamwambia mkurugenzi: "Patron, kama ramani ni sawa, Shefu azime namba tatu, halafu ashike kebo ile ile. Mbele yetu."

Mkurugenzi akakubali. Tukaingia wote kwenye chumba cha pampu, mchana kweupe, hakuna aliyehitaji kuwasha taa.

Germain akazima namba tatu. Akaitazama kebo. Akaweka mikono mfukoni.

"Miye niko na jasho mikononi," alisema. "Alexis, kuja. Shika weye."

Alexis ni nani? Fundi mwenzetu... na mume wa binti yake wa kwanza. Mukwe wake kabisa.

"Iko sawa, baba?" Alexis aliuliza.

"Ramani inasema iko sawa."

Alexis akanyoosha mkono. Nami sikumtazama Alexis, nilimtazama Germain. Alirudi nyuma, akafumba macho.

Alexis akaishika kebo.

Hakuna kitu.

Germain akafumbua jicho moja. Akashangaa, halafu akatabasamu. "Munaona? Ramani iko sawa."

"Shefu," nilisema, "nilimwomba Evariste, mlinzi wa swichi kuu, akate umeme wote wa jengo hili kabla hatujaingia. Mimi siui watu ili kuonyesha niko sahihi. Alexis, achia."

Alexis akaachia. Nikampigia Evariste kelele, akarudisha umeme. Namba tatu bado imezimwa, nikasogeza taa ya kupimia kwenye kebo... ikawaka.

Alexis alikuwa anajifuta mkono kwenye suruali, anafuta tu, kama ameshika kitu kilichooza.

"Baba, ulijua."

"Nikiweka kila kitu kwenye karatasi, watanihitaji wa nini?" Germain alijibu. "Ningekuwa nimetolewa zamani."

Hata aibu hakuwa nayo. Na kinyaa kilichozidi ni kwamba alisema kweli: Placide alirudishiwa kazi, lakini Germain hakufukuzwa. Njia za nyaya zilikuwa kichwani mwake peke yake.

"Émérence, uchore upya," mkurugenzi aliniambia. "Yeye atakuonyesha waya kwa waya."

"Akinidanganya tena?"

Alexis ndiye aliyejibu: "Kila waya atakaosema umekufa, hauna umeme, aushike yeye kwanza."

Wapenzi wasomaji, ukihamisha waya leo, rekebisha ramani leo, kabla hujanawa mikono. Na mtu akikuambia iko sawa huku yeye mwenyewe anarudi nyuma, toa mkono wako hapo.

Kesho yake tulianza.

"Huu, Shefu?"

"Umekufa."

"Haya, shika."

Akakohoa. "Ngoja kwanza niangalie vizuri."