Luul Ni Nani?

Kipaza sauti kilizima katikati ya soko la Isiolo, Fardosa akiwa ndiyo kwanza amefikia neno "haki". Alikigonga, akakitikisa, akakipuliza, lakini wapi. Wauza mboga waliendelea kupanga nyanya zao kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

"Dada, hiyo imekufa. Niambie unataka kusema nini nikusemee," sauti ilimjia kutoka kibanda cha madera.

Mwenye sauti alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, kikoi cha buluu, na tabasamu la mtu aliyezoea kuuza. Aliitwa Abdighani, mzaliwa wa mtaa wa Bulla Pesa, mjukuu wa askari wa zamani za mkoloni. Fardosa alikuwa binti wa wafugaji wa Kulamawe, mwanafunzi wa sheria kutoka Nairobi, aliyekuja kufanya mafunzo ya kazi katika ofisi moja ya haki za binadamu hapo mjini. Alimweleza kwamba anawaita wasio na vitambulisho waje wasaidiwe bure. Abdighani akapanda juu ya kiti, akapunga dera la zambarau hewani, akanadi: kama huna kitambulisho usijifiche, ni haki yako, ofisi ndiyo ile nyuma ya msikiti. Soko zima liligeuka.

"Na wewe unacho?" Fardosa alimuuliza akicheka.

"Ninacho," akajibu haraka.

Hakuwa nacho. Kila alipokwenda kuomba alirudishwa akalete vyeti vya babu, na babu alikwisha kuzikwa zamani, vyeti havijulikani viliko. Lakini angeyasemaje hayo mbele ya macho kama yale? Wanaume hujiponza wenyewe kwa fahari, na mimi siwahurumii.

Mapenzi yakaingia bila kupiga hodi. Kila mchana Fardosa, mtandio wake mweupe ukipepea, alipita kibandani wakala sambusa kwa chai ya maziwa ya ngamia. Jioni walipigiana simu hadi shangazi yake Fardosa, aliyeishi naye mtaa wa Kiwanjani, akauliza kama huyo mtu hana kazi nyingine. Abdighani alimwita "wakili wangu" kabla hata hajafuzu. Fardosa alimwita "mpiga debe wa haki", naye akapenda.

Jambo moja tu lilimkera msichana. Alimwalika kwenye harusi ya rafiki yake huko Meru, Abdighani akasema kuna mzigo unaingia. Akamwalika safari nyingine, akasema kiuno kinamuuma. Kijana mbichi kama yule, kiuno! Ukweli ni kwamba aliogopa kizuizi cha polisi barabarani, ambako hukaguliwa vitambulisho.

Wiki ya mwisho ya mafunzo, Fardosa alikwenda Kulamawe na wenzake wa ofisi. Huko Abdighani akampigia, sauti imekauka kwa mafua, na moyo wa Fardosa ukayeyuka. Walipoagana aliamua kumtumia pesa ya dawa kwenye namba ile ile, amshtue kidogo, maana siku zote Abdighani alikataa kutumiwa pesa kwa simu, akitaka keshi mkononi tu. Kabla pesa haijaenda, simu ikamwonyesha jina la mwenye laini: Luul Abdinur.

Akaghairi kutuma. Safari zinazokataliwa, keshi mkononi, laini ya mwanamke. Akapiga.

"Luul ni nani?"

Abdighani akakohoa tu.

"Ghani, nakuuliza. Luul ni nani?"

"Si vile unafikiria, qalbi. Nitakueleza tukionana."

"Nieleze sasa."

Kumtaja Luul kulikuwa kukiri kwamba alimdanganya tangu siku ya kwanza, na ulimi wa Abdighani, uliozoea kunadi soko zima, ukagoma. Fardosa akakichukua kimya chake kuwa jibu. "Basi msalimie," akasema, akakata, akaifungia namba yake, kisha akalia hadi macho yakavimba. Ijumaa jioni angepanda basi kurudi Nairobi, na Abdighani alilijua hilo. Hiyo Ijumaa ikipita, amemkosa.

Ijumaa asubuhi watu walijaa chini ya hema lililofungwa mbele ya ofisi, kule Isiolo nyuma ya msikiti. Fardosa, buibui jeusi, macho mekundu, alikuwa akiandika shida za watu mmoja mmoja. Zamu ilifika ya kijana wa kikoi cha buluu, ameandamana na mama mnene aliyejitanda shali.

"Salaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Shida yako?" Hakuinua macho.

"Sina kitambulisho. Sijawahi kuwa nacho. Siku ile sokoni nilikudanganya juu niliona aibu." Alisema kwa sauti yake ile ile ya sokoni, na foleni nzima ikasikia.

Kalamu ya Fardosa ilisimama. "Na laini ya simu?"

"Bila kitambulisho husajiliwi. Imesajiliwa kwa jina ya Luul."

"Huyo Luul ni nani?"

"Ni mimi," mama akajibu. "Mimi ndiyo nimemzaa. Tangu juzi hakuli. Nikasema wacha nije nione nani amenyima mtoto yangu chakula."

Fardosa alijifunika uso kwa mtandio. Alikuwa amemwonea wivu mama mkwe! Alicheka na kulia kwa pamoja, kisha akasimama akampa kalamu Kagwiria, wakili mkuu wa ofisi.

"Huyu siwezi kumhudumia. Haturuhusiwi."

"Kwa nini? Ni ndugu yako?"

"Hapana. Ni mtu ninampenda."

Bibi mmoja nyuma ya foleni akapiga vigelegele. Kagwiria hakucheka. Alivaa miwani, akaketi mahali pa Fardosa, akamuuliza Abdighani kwa sauti ya kiofisi mbona amekaa miaka yote hii na leo ndiyo ana haraka.

"Nataka kuoa. Kadhi atauliza kitambulisho."

"Kuoa nani?"

Abdighani alimtazama mama yake. Mama akamtazama Fardosa.

"Andika, wakili," Fardosa akasema. "Hapo andika jina langu."